Kompyuta Isiyopumzika

Section Six, Kitale
Ijumaa asubuhi

Kwa ndugu yangu mkubwa Hesbon,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za Mama, ambaye ninapoandika haya ameketi kando yangu barazani akichambua maharagwe kwenye ungo. Nijulishe hali zenu huko Kanduyi. Mgongo wa wifi Emmy umepata nafuu? Watoto wamefungua shule vizuri? Na wewe mwenyewe, bado unaruka chakula cha mchana kwa sababu ya kazi? Huku mvua imekuja kwa wakati wake, mahindi ya majirani yamefika magotini, na baridi ya asubuhi si ya kuchezewa. Mwilini tuko wazima, namshukuru Mungu. Moyoni ndiko kuna maneno.

Utashangaa kupata barua ya kalamu kutoka kwangu, ilhali simu zetu zote mbili zinafanya kazi. Nimeamua kuandika kwa mkono, tena nje ya nyumba, kwa sababu kuna mambo nisiyotaka kuyatamka ndani wala kuyapitisha kwenye mashine yoyote. Sababu yake utaiona ukisoma. Ninakuomba jambo moja tu: isome ukiwa peke yako, na uifikishe mwisho kabla hujampigia mtu simu.

Mambo yalianza na maziwa. Siku moja mwanamke anayetuletea maziwa hakufika, nikamwambia Jepkoech jikoni ampikie Mama uji wa maji. Jepkoech unamkumbuka, ni yule mama wa Kipsongo aliyekuwa akija kunisaidia kufua na kukaa na Mama ninapokuwa kazini. Kesho yake shangazi yetu, Senge Nakhumicha, akanipigia simu kutoka huko kwenu. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza habari za mvua, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba siku hizi Mama anapewa uji usio na maziwa. Nilicheka nikamweleza ilivyokuwa. Baada ya kukata simu ndipo nilipojiuliza amejuaje.

Halafu ikaja habari ya mlango. Nilikuwa nimemwagiza Jepkoech awe akiufunga mlango wa nje kwa kufuli kila nikienda kupiga picha za harusi au mazishi. Nilikuwa na sababu yangu, na nitakueleza huko mbele. Hazikupita siku nyingi, Senge akapiga tena, na safari hii hakuuliza habari za mvua. Alisema amesikia tunamfungia Mama ndani kama ng'ombe. Nilipomuuliza amesikia wapi, alisema watu husema.

Watu gani, Hesbon? Nyumba yetu ina watu watatu mchana na wawili usiku. Nilihesabu nikarudia kuhesabu, na kila mara nilibaki na jina moja. Senge na Jepkoech walikutana Krismasi, walikaa pamoja wakimenya ndizi, huenda walipeana namba za simu. Nikaanza kumtazama Jepkoech kwa jicho lingine. Nikiwa na neno la maana nilinyamaza akiingia. Nilisikiliza anavyoongea na simu yake kule nje kwenye kamba ya nguo, ingawa Kikalenjin sikijui. Siku moja aliiacha simu ikichaji, nikaifungua nikatafuta jina la Senge. Sikulikuta. Mtu mwenye akili yake angetulia hapo. Mimi nilisema moyoni, huyu amelifuta.

Nilimfukuza bila kumwambia kosa lake. Alikuwa anakunja mashuka ya Mama. Aliniuliza amefanya nini, nikamjibu kwamba anajua mwenyewe. Alimaliza kulikunja lile shuka alilokuwa nalo, akaliweka juu ya mengine, akasema, "Mimi sijui, Phelista. Lakini kama wewe unajua, basi." Akaenda kumuaga Mama. Mama alimuulizia kwa siku nyingi, na nyingine alikataa kula kwa sababu hakumwona.

Nilidhani nimeziba tundu. Tukabaki wawili, mimi na Mama. Kisha Mama akapata kikohozi. Nilimchemshia tangawizi, nikamnunulia dawa, na asubuhi moja nikamwambia, tukiwa sisi wawili tu ndani, kwamba chupa imebaki na kijiko kimoja. Jioni hiyo Senge alipiga akaniuliza kwa nini dawa ya Mama imeachwa ikaisha. Hakuna aliyekuwa ameingia kwetu. Sikuwa nimemwambia mtu, hata jirani.

Tangu hapo niliishi kama mtu anayeishi kwenye nyumba ya mwingine. Niliongea kwa kunong'ona. Nilimshuku kijana wa duka la dawa, nikamshuku mwenye nyumba kwamba ana ufunguo wa pili, nikagonga kuta nikisikiliza kama zina uwazi. Nilifika mahali pa kuinua godoro la Mama nikitafuta simu ya siri, naye amesimama kando ananitazama. Sijui alifikiri nini. Sikupata kitu ila vitambaa vyake vya mkono na barua za wanafunzi wake wa zamani.

Katika siku hizo hizo kompyuta nayo ikaanza vituko. Ni ile uliyoniundia mwenyewe, ambayo Desemba ulipokuja ulijifungia nayo ukaipangusa vumbi, ukaniachia na ile maikrofoni nzuri ya kurekodia maelezo ya video zangu. Nilikuwa na kazi kubwa mkononi. Mzee Harbans, yule mwenye duka la vyuma karibu na soko, alikuwa amemwoza binti yake Divya, na sherehe iliendelea siku kadhaa. Nilitakiwa kuitengeneza iwe filamu moja ya kupelekewa nyanya yake bibi harusi aliye India, ambaye hakuweza kusafiri. Mzee Harbans ni mtu wa maneno machache, lakini alikuwa ameniambia waziwazi kwamba mama yake ni mgonjwa na huenda asiingojee filamu muda mrefu.

Basi kila nilipoanza kuiunganisha, mashine ilikwama. Sauti ya nyimbo ilikatikakatika, picha ikasimama, na feni ikavuma kama inataka kuruka dirishani. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kwamba ilivuma hata nikiwa nimefunga kila kitu. Nilikuwa nikiingia chumbani asubuhi kabla sijagusa chochote, naikuta ina moto, inahangaika na jambo nisilolijua.

Nilikupigia wewe kwanza, na utakumbuka ulivyonijibu. Ulisema ni joto tu, ulisema niiache iwake kama kawaida na utakuja kuitazama mwenyewe ukipata nafasi. Kisha ukaniambia nisithubutu kumpa fundi yeyote wa Kitale aifungue, kwamba wataniharibia vitu. Ulilisema hilo mara mbili. Nilidhani ni upendo.

Nafasi hukuipata, na Divya alianza kunipigia simu kila siku. Ndipo nilipomwita Kipkemei, yule fundi mwenye kibanda nyuma ya posta, akaja nyumbani. Nilikaa naye chumbani muda wote macho hayatoki mikononi mwake, kwa sababu wakati huo hata yeye nilimshuku. Hakukasirika. Alifungua ule ukurasa unaoonyesha kila kazi inayoendelea ndani ya kompyuta, akautazama, akakuna kidevu.

Alinieleza kwamba moyo wa mashine hii una viini vinane, na kila kiini kinaweza kufanya kazi yake peke yake kama mfanyakazi na jembe lake. Ukitazama jumla, ilionekana kompyuta inatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na ndiyo maana mimi sikuona cha kushangaza. Lakini alipofungua michoro ya kila kiini mbali mbali, tuliona kimoja kimejaa hadi juu huku vingine vimelala. Tukiwa tunatazama, ule mzigo ukahama, kiini cha kwanza kikapoa na cha tano kikajaa. Baadaye ukashika viwili kwa pamoja. Ulikuwa unazunguka humo kama ng'ombe aliyekata kamba. Kipkemei akautafuta kwa jina, akasema si programu yangu ya video. Ni kazi ya mfumo wenyewe, zile zinazoanzishwa na kompyuta bila mtu kuiomba, na hii kazi yake ni kushughulikia sauti.

Alijaribu kuizima ikajiwasha tena. Akaiwasha kompyuta upya, ikatulia kidogo kisha ikarudi pale pale. Mwisho aliifunga kwenye kiini kimoja tu, isiruhusiwe kugusa vile vingine, na papo hapo filamu ya Divya ikaanza kwenda vizuri. Niliimaliza wiki hiyo. Nyanya ameiona, Mzee Harbans aliniletea salamu zake mwenyewe mlangoni. Ningeweza kuishia hapo, na wewe labda ungependa ningeishia hapo.

Lakini Kipkemei hakuondoka na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Alizima spika, akafunga kila programu, akaninyamazisha kwa mkono, na tukakaa kimya tukiutazama ule mchoro. Kiini bado kilikuwa kimejaa.

"Hii si vumbi, Madam," alisema. "Hakuna wimbo inacheza, hakuna mtu anapiga simu hapa, na hii mashine bado inashughulika na sauti. Sasa ni sauti gani?"

Akaanza kuchomoa vitu kimoja kimoja. Alichomoa spika, hakuna badiliko. Akachomoa printa, akachomoa diski ya nje. Alipochomoa maikrofoni, mchoro ulianguka hadi chini na feni ikanyamaza. Hesbon, sikuwa nimekisikia chumba kile kikiwa kimya tangu mwaka uanze. Nilisikia Mama akiimba peke yake chumbani kwake, upande wa pili wa ukuta wa mbao, kila neno. Kipkemei akairudisha maikrofoni mahali pake, na feni ikaanza upya.

Baada ya kupekua sana alikuta programu iliyojipa jina la kawaida, kama kwamba ni sehemu ya maikrofoni yenyewe. Ilikuwa inachukua sauti mchana kutwa, inaisafisha ili ya mbali isikike kama ya karibu, na kuituma nje kwa intaneti. Alisema huenda ilifanya hivyo kimyakimya kwa miezi, mpaka kompyuta ilipojisasisha hivi majuzi, na ile kazi ya kusafisha sauti ikaharibika ikawa haijui kusimama. Kama si kasoro hiyo nisingejua kamwe. Inakwenda kwa nani, hakuweza kusema. Aliniuliza nani mwingine ana nywila ya mashine hii. Nilimjibu kwamba hakuna mtu. Wewe sikukuhesabu.

Alitaka kuifuta pale pale. Nilimkatalia. Kama kuna mtu ananisikiliza, nilitaka kumjua kabla hajajua kwamba namjua.

Kabla ya hilo nilikwenda Kipsongo kumtafuta Jepkoech. Nilimkuta anafua nguo za watu nje ya nyumba yake. Nilimweleza yote, kwamba aliyekuwa akitoa maneno nje ni mashine, na kwamba nilimkosea. Hakuacha kufua. Aliniuliza kama mama mzee anakula. Nikasema kwa mkono wangu siku nyingine anakataa. Akasema, "Nitakuja kumwona, juu ya yeye. Ile kazi yako sijui." Amekuja mara moja, akakaa na Mama mpaka chai ikaisha, akaenda. Kazini hajarudi, na simlaumu.

Kisha nikatega. Mchana mmoja niliketi karibu na ile maikrofoni nikaweka simu sikioni bila kupiga namba yoyote. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba mzigo umenishinda, kwamba Alhamisi asubuhi nitampeleka Mama Suam, kuna mwanamke ng'ambo ya mpaka atakayekaa naye, na kwamba nisingependa watu wa kwetu huko Bungoma wajue. Sina mtu Suam, kama unavyojua. Sijui hata barabara yake inapita wapi siku hizi. Hata uongo, ukiusema kwa sauti karibu na mama yako mzazi, unauma.

Jana ilikuwa Alhamisi. Chai haijachemka nikasikia hodi. Alikuwa Senge Nakhumicha, ana mfuko wa nguo na viatu vimejaa tope. Hakunipa mkono. Alisimama katikati ya mlango akasema, "Mama haendi Suam."

Nilimuuliza nani amemwambia kuhusu Suam. Nikamwambia kwamba Suam niliitunga mimi na sikumwambia kiumbe yeyote. Akanitazama kama anayetafuta ujanja usoni pangu. Mwisho akasema, "Hesbon. Na si hilo tu aliloniambia."

Katika watu wote niliowashuku, nilikuwa nimeshuku hadi ukuta, wewe jina lako halikuwa limenipitia. Wewe ndiye niliyempigia simu kuomba msaada.

Senge alikataa kuendelea. Alisema mengine nitayasikia Jumamosi. Akaenda jikoni mwenyewe, akamimina kikombe cha chai, akampelekea Mama chumbani, bila shaka ili amhoji nisipokuwepo. Mimi nilibaki mlangoni. Ndipo niliposikia sauti ya Mama, nikakimbilia chumbani, na hapa nakuomba usome polepole.

Mama alikuwa ameinua mikono juu ya kichwa. Kwa Kibukusu, na kwa sauti ya mtoto wa kike, alikuwa akimwambia Senge, "Usinipige. Nitakwenda kuteka maji, usinipige." Senge amesimama na kikombe mkononi hajui la kufanya. Niliingia nikapiga magoti mbele ya Mama, nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilimwambia, "Pole. Sitakupiga tena. Maji yameshatekwa." Nikarudia hivyo hivyo mpaka mikono yake ikashuka. Akachukua chai akanywa, akaniuliza huyu mgeni ni nani.

Senge aliketi kitandani. Akasema, "Ndiyo hii. Ndiyo hii aliyonisikizisha Hesbon."

Ndipo akaniambia yote. Kwamba ulimwita nyumbani kwako pamoja na wajomba, ukawasikizisha Mama akilia asipigwe, na mimi nikimjibu kwamba sitampiga tena. Kwamba wote waliinamisha vichwa. Kwamba kesho Jumamosi mnakutana, na baada ya hapo mtakuja na gari kumchukua Mama, na mimi nitapelekwa kwa chifu nijieleze.

Basi wacha nijieleze leo. Mama ni mgonjwa, Hesbon. Mwaka jana mwezi wa nane, nilipokuambia nakwenda Eldoret kutengeneza kamera, nilimpeleka kwa daktari. Ni ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Unaanza na za juzi na kuacha za zamani, na haurudi nyuma. Siku nyingine Mama ni Mama. Siku nyingine yuko Chwele, ana miaka minane au tisa, mama yake mzazi amekufa na yule mama wa kambo anamngoja na fimbo kwa sababu mtungi hauna maji. Hakuwahi kutusimulia habari hizo tulipokuwa wadogo. Nimezisikia zote mwaka huu, kutoka kwa mtoto mwenyewe. Na siku hizo yule mwanamke ni mimi. Nikimpelekea uji anaona fimbo. Daktari alinishauri nisibishane naye, nisimwambie kwamba anakosea, bali niingie mahali alipo na kumtoa kwa upole. Ndiyo maana naomba msamaha kwa viboko nisivyovipiga. Na kufuli la mlangoni ni kwa sababu alishawahi kutoka akafika barabara ya lami, dereva mmoja wa lori akamrudisha akiwa hana viatu.

Sikukuambia kwa sababu alinikataza. Tulipotoka kwa daktari alikuwa na akili zake zote. Tulikaa kwenye benchi tukila mahindi ya kuchoma, akanishika mkono akasema, "Hesbon asijue. Yule nilimfundisha darasa la tatu. Sitaki anione nikipungua." Nikamwapia. Nimekitunza kiapo hicho katikati ya maneno ya Senge, na katikati ya macho ya watu kanisani ambayo sasa nayaelewa. Leo nimekivunja, naye ameketi hapa hapa kando yangu, hajui.

Najua utasema ulikuwa unamlinda. Senge anasema Mama alikupigia Novemba akilia kwamba kuna mwanamke anampiga humu ndani. Nakubali kwamba neno kama hilo lingemshtua mtoto yeyote. Lakini nimelala na swali moja, na nataka ulijibu mbele yangu. Kama kweli uliamini kwamba nampiga Mama, ulikaaje huko Kanduyi, wiki baada ya wiki, ukimsikiliza analia? Ni mwendo wa asubuhi moja tu. Ulikuwa unangoja nini? Ungekuja siku ile ya kwanza, ungevunja mlango, ungenizaba kofi, ningekuelewa kuliko ninavyokuelewa sasa. Na kama hukuamini, wajomba uliwaitia nini?

Mimi nami nilikuwa na swali kama hilo kwa Jepkoech, nikaogopa kumuuliza, nikamfukuza. Kwa hiyo sisemi kwamba nimekuzidi.

Maikrofoni nimeichomoa na Kipkemei atakuja leo mchana kuifuta programu yako. Barua hii anakuletea Senge mwenyewe. Amelala hapa, ameyaona ya usiku na ya asubuhi, na amesema atawaambia wajomba kwa kinywa chake kwamba mkutano hauna kazi tena. Bado sijui kama nitakuamini. Nikisikia gari likisimama nje siku hizi natazama kwanza kupitia pazia, na itachukua muda niache.

Hata hivyo njoo. Usije na wajomba, wala usije na gari la kumchukua. Njoo peke yako, asubuhi, kwa sababu ikifika saa sita huwa amechoka na vitu vinamchanganyikia. Usimuulize kama anakukumbuka, anaaibika sana akiulizwa hivyo. Keti karibu naye, mwache aanze yeye. Akikuita kwa jina la mtu mwingine, itika.

Msalimie sana wifi Emmy, umwambie ajipake ile dawa ya mgongo kabla ya kulala, na uwabusu watoto kwa ajili ya shangazi yao. Mungu akufikishe huku salama.

Ni mimi dada yako,
Phelista Nekesa